MAANDISHI YA MTOTO WAKO YANAFANYA KAZI?



Leo hatusemi juu ya dawa, tunasema juu ya maandishi. Kila siku ya kilo unaleta mtoto, anapimwa, anaandikwa. Je, maandishi haya yanamsaidia, ao yanajaza tu makaratasi?

Vituo vingine sasa vinaandika ndani ya ordinatere. Watu wanafikiri: ni mashini, haiwezi kukosea. Hapana, mama. Mashini inashika tu kile ilichopewa. Munganga akiandika kilo 9 mahali pa kilo 6, mtoto aliyekonda ataonekana mnene.

Huko Mosoriot, inchi ya Kenya, walianza na ordinatere mwaka 2001. Hawakuisifu bure. Walishika saa, wakapima wakati wa mgonjwa mbele ya kuileta na nyuma yake. Wakati wote wa mgonjwa kituoni ulipunguka 22 kwa 100. Vizuri! Lakini wakati wa kukaa na munganga ulipunguka pia, zaidi ya nusu. Basi upesi peke yake hautoshi. Ni lazima kuuliza tena: mgonjwa amesikilizwa?

Wewe pia unaweza kupima. Jiulize mambo matatu:

1. Wameona fishi ya mtoto wangu upesi?

2. Kilichoandikwa ni kweli? Jina, siku ya kuzaliwa, kilo, sindano.

3. Kimeleta kitendo? Kilo zikishuka miezi miwili na hakuna anayekuuliza mtoto anakula nini, maandishi yamelala. Sindano ya surua inamngoja akiwa na miezi 9. Isipoandikwa, nani atajua kama amepata?

Usiogope kusema: «Munganga, nisomee kile umeandika.» Si kukosa heshima. Hata kama hujui kusoma, masikio yako yatasikia kama wamekosea.

Na karti ya nyumbani usiitupe. Ukitoka Lusangi kwenda Kasongo ao Salamabila, mashini ya kituo inabaki, na umeme unaweza kukatika. Karti inatembea pamoja na mtoto. Iweke ndani ya mfuko wa nailoni, mbali na maji na panya.

KUMBUKA: Maandishi mazuri ni yale yanayomfanya munganga atende. Leta karti kila mara, hata siku mtoto ni mzima.