Dhamana ya Daraja Si Dhamana ya Mahali

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, karani mstaafu wa meli za kitalii, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama chetu, Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wenzangu tuliopitia mabweni haya, na ninyi vijana mnaolala humo hivi sasa,

Nilipoandikiwa barua ya kuombwa nizungumze leo, niliambiwa nieleze kazi yangu ya baharini. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa karani wa kaunta ya mapokezi katika meli za kitalii, zile meli ambazo watu hupanda si kwa sababu wana mahali pa kufika, bali kwa starehe ya safari yenyewe. Najua wengi mnangoja nisimulie miji niliyoiona. Mtanisamehe. Nitazungumza juu ya namba za vyumba, maana katika namba hizo nilijifunza jambo ambalo ningependa kijana wa shule hii alijue kabla hajatia sahihi yake popote.

Nianze na treni. Mwaka 1978, nilipokuja hapa kuanza kidato cha kwanza, tulipewa waranti ya kusafiria. Wazee wenzangu mnaikumbuka karatasi ile. Iliandikwa jina la mwanafunzi, kituo cha kupandia, kituo cha kushukia, na daraja la tatu. Mimi nilipandia Morogoro. Treni ilipowasili kutoka Dar es Salaam, mabehewa ya daraja la tatu yalikuwa yamejaa hadi mlangoni. Nikamwonyesha mkaguzi waranti yangu nikamwambia nina haki ya kukaa. Akaisoma kwa tochi, akanirudishia, akasema, "Kijana, hii inasema daraja la tatu. Haisemi kiti. Na daraja la tatu ndilo hili ulilosimama ndani yake." Nilisimama hadi Dodoma.

Siku hizi anayepanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, hupewa tiketi yenye namba ya behewa na namba ya kiti. Ninyi vijana mtaona maneno ya mkaguzi yule ni hadithi ya kale. Lakini nawaambia kwamba katika meli za fahari za dunia, tiketi kama waranti yangu inauzwa hadi leo, na wanaoinunua ni watu wenye fedha na elimu.

Katika meli vyumba hugawanywa kwa madaraja. Cha chini ni chumba cha ndani, kisicho na dirisha. Kinafuata chumba chenye dirisha la kutazama bahari, kisha chenye roshani, na juu kabisa ni vyumba vyenye sebule yake. Katika meli za anasa zaidi, kama zile za kampuni ya Seabourn, chumba cha ndani hakipo. Kila abiria anatazama bahari, lakini hata humo madaraja yapo. Katika Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, iliyoanza kazi mwaka 2004, daraja la chumba huamua hata mahali pa kula: abiria wa kawaida hula katika ukumbi wa Britannia, na wa vyumba vya juu wana kumbi zao ziitwazo Princess Grill na Queens Grill.

Sasa, mtu anaweza kukata tiketi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutazama ramani ya meli, kuchagua chumba, na kuandikiwa namba yake siku hiyo hiyo. Njia ya pili huitwa bei ya dhamana. Hapo hununui chumba, unanunua daraja. Kampuni inakudhamini kwamba hutapewa chumba cha chini kuliko daraja ulilolipia. Namba itakuja baadaye: pengine wiki kadhaa kabla ya safari, pengine siku chache, na nimewaona wengine wakiipata bandarini siku ya kuondoka. Kwa kukubali kungoja hivyo, unapunguziwa bei.

Ndugu zangu, dhamana hiyo si uongo. Katika miaka yangu yote sikuona abiria aliyelipia roshani akapewa chumba cha ndani kwa sababu tu ya bei ya dhamana. Ahadi ni deni, na deni hilo hulipwa. Matatizo huanzia katika yale ambayo ahadi haikuyataja. Haikusema chumba kitakuwa katikati ya meli, ambako meli hutulia, au omoni, ambako hupanda na kushuka na kila wimbi. Haikusema hakitakuwa chini ya ukumbi wa dansi, wala jirani na lifti. Haikusema kitakuwa karibu na chumba cha ndugu yako uliyesafiri naye. Na hata neno "roshani" lina mengi ndani yake. Katika Queen Mary 2 ziko roshani zilizozibwa kwa kiasi na mashua za kuokolea, na nyingine zilizokatwa katika ubavu wa meli, ambazo ukikaa kitini unatazama ukuta wa chuma badala ya maji. Zote ni roshani.

Kwa nini kampuni hufanya hivyo? Kwa sababu chumba kinachoondoka bandarini kitupu kimekwisha kuwa hasara. Hakiwezi kuuzwa kesho. Kwa hiyo wenye meli hupenda wawe na abiria ambao wanaweza kuwahamisha hapa na pale mpaka siku ya mwisho, ili kila pengo lizibwe. Abiria wa bei ya dhamana ni kama mchanga wa fundi mwashi, hujaza palipobaki nafasi.

Kutoka hapo ndipo huja jambo la pili, nalo ni kupandishwa daraja. Vyumba vya bei nafuu hugombaniwa, na vya juu hubaki. Basi kampuni humpandisha abiria mmoja, na chumba chake cha chini huuzwa tena kwa mwingine. Wachache hupandishwa bure, na habari zao huenea haraka, kama habari za aliyeshinda bahati nasibu. Wengi hupelekewa barua pepe ya kuwaalika waweke dau. Kampuni ya Royal Caribbean huuita mpango huo RoyalUp, na Norwegian Cruise Line huuita Upgrade Advantage. Unaambiwa dau la chini na la juu, na kwenye skrini kuna mshale unaokuonyesha kama dau lako ni dhaifu au lina nguvu. Fahamuni mambo matatu hapo. Dau huhesabiwa kwa kila mtu, si kwa chumba. Na hata anayesafiri peke yake hutozwa la watu wawili. Unaweza kuliondoa kabla halijakubaliwa, lakini likishakubaliwa kadi yako ya benki inakatwa na fedha hazirudi. Na la tatu, ambalo watu hulisahau: unanunua daraja jipya, hununui mahali. Waranti ileile, daraja jingine.

Mtasema mtu aliyejua yote haya hawezi kuanguka katika shimo hilo. Nami nilidhani hivyo.

Mwaka 2018 nilistaafu. Ninaye dada mkubwa aliyenisomesha. Waranti ilitolewa na Serikali, lakini sanduku, blanketi, viatu na fedha za matumizi zilitoka katika vitumbua alivyouza stesheni. Kwa miaka mingi nilimwandikia barua nikimweleza meli zile, naye alikuwa akinijibu kwamba siku moja angependa kuziona. Basi mwaka 2019 nikaamua kulipa deni langu. Baada ya hekaheka za viza, mimi, mke wangu na dada tukafika Barcelona kupanda meli ya siku saba. Dada wakati huo alikuwa na miaka sabini na mitatu, magoti yakimsumbua, na Kiingereza chake ni cha kusalimia tu.

Nilikata vyumba viwili kwa bei ya dhamana. Niliokoa dola 340, nikajisifu mbele ya mke wangu kwamba hayo ndiyo manufaa ya kujua kazi. Namba zilipokuja siku tisa kabla ya safari, chumba cha dada kilikuwa omoni kabisa, sitaha ya chini, na chetu mbali naye. Nilipaswa kupiga simu siku hiyo hiyo. Badala yake nikaona barua ya dau, nikafikiri tukipanda daraja tutasogea katikati, kisha nitaomba naye asogezwe. Nikaweka dau la dola 150 kwa kila mtu. Likakubaliwa. Tukapewa chumba kizuri chenye roshani, sitaha sita juu, nyuma kabisa, tezini. Kati yetu na dada ikawa ni meli nzima.

Usiku wa kwanza tulikata Ghuba ya Lion, kusini mwa Ufaransa, ambako upepo uitwao mistral hushuka kutoka bara kwa nguvu. Huku nyuma tulisikia mtikisiko, tukalala. Alfajiri nikashuka kumwamkia dada. Nilimkuta amekaa sakafuni karibu na mlango, amevaa kitenge chake cha safari, amejifunga kilemba, mkoba mapajani. Alikuwa ametapika usiku kucha. Simu ilikuwapo kando ya kitanda, lakini hakujua ampigie nani, wala aseme nini. Akaniuliza, "Mdogo wangu, tumefika?"

Nilikwenda kaunta ya mapokezi nikiwa na hasira ya mtu anayejua kwamba kosa ni lake. Karani alikuwa kijana, ana adabu, koti lake kama lililokuwa langu. Alitazama mashine yake akasema meli imejaa, hakuna chumba cha kumhamishia. Halafu akaongeza kwa upole, "Bwana, daraja mlilolipia mmelipata." Nilinyamaza. Maneno hayo niliwaambia watu mimi mwenyewe kwa miaka ishirini na miwili, na kila mara niliamini kwamba nimewajibu.

Tulimaliza shauri wenyewe. Mke wangu akamchukua wifi yake juu kwenye roshani, mimi nikahamia omoni, na kwa usiku sita nikarushwa kama debe tupu kwenye lori. Lakini tangu siku hiyo dada aliiona bahari kama nilivyotaka aione. Jioni moja alinitazama akaniuliza, "Ulipokuwa ukiniandikia kwamba kazi yako ni kuwapa watu vyumba, ndivyo ulivyokuwa ukiwapa?" Sikuwa na jibu, na hadi leo bado ninalitafuta.

Ndugu Mwenyekiti, sitaki watu waondoke hapa wakisema nimelaani bei ya dhamana. Inafaa kwa wanaofaa. Kijana mzima, asiyeugua bahari, asafiriye peke yake au na mwenzi wa chumba kimoja, asiyejali alale wapi mradi safari imekuwa nafuu, huyo ainunue kwa moyo mweupe, na akipandishwa bure ashukuru. Lakini mwenye mzee, mwenye mtoto, mwenye mguu mbovu, au wenye vyumba viwili wanaotaka kukaa karibu, hao wachague chumba kwa namba: katikati, sitaha za chini, chenye vyumba vya kulala juu yake na chini yake. Wamwambie wakala aandike kwamba wasihamishwe hata kwa kupandishwa daraja. Na anayetaka kuweka dau, ajiulize kwanza: nikipewa chumba kibaya kuliko vyote katika daraja hilo, bado nitaridhika? Kama jibu ni hapana, asiweke.

Nanyi vijana, pengine hamtapanda meli hizo kamwe, au mtazipanda kufanya kazi kama mimi. Lakini karatasi za kutia sahihi mtaletewa nyingi: za kazi, za mikopo, za nyumba. Nyingi zitakuwa na neno "dhamana" kwa herufi kubwa. Msiogope neno hilo, wala msilifurahie upesi. Ulizeni, "Ni kitu gani hasa kilichodhaminiwa?" Kisha ulizeni, "Ni kitu gani ambacho hakikutajwa?" Kuuliza si ujinga. Punguzo la bei ni malipo; mnalipwa kwa kuacha kitu fulani, na kitu chenyewe mara nyingi ni haki ya kuchagua. Ukiiuza, iuze ukijua, tena uiuze iliyo yako. Mimi niliuza ya dada yangu kwa dola 340, bila kumwuliza.

Dada yu mzima, naye anawasalimu. Nilipomwambia nimeitwa kuzungumza shuleni, aliniagiza nisisahau kuwaambia kwamba chumba cha pili kilikuwa kizuri sana.