Kabla ya Ada Kuna Gharama



Nimeombwa niseme juu ya mfuko wa elimu. Nitasema juu ya vijana wetu wanaotaka kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii.

Kwa nini hiyo? Tutazamane meno. Chemchemi nyingi za Meru zina floraidi kupita kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akikulia kwenye maji hayo, meno ya ukubwani yanatoka na madoa ya kahawia, na floraidi ikizidi sana hata mifupa hupinda. Ndiyo maana huku mjini wengine tunacheka tumeziba mdomo. Daktari wa meno atamtengeneza mmoja mmoja. Mtu wa afya ya jamii huuliza ni chemchemi ipi, inanywewa na watoto wangapi, na kama mkaa wa mifupa wa kuchujia utafaa au bomba litoke kwingine. Serikali iliweka kituo cha utafiti wa mambo haya pale Ngurdoto. Nani wa kwetu anakijua?

Masomo hayo si ya madaktari peke yao. Mwenye shahada ya uuguzi au ya afya ya mazingira naye huomba, Muhimbili au hapo Moshi. (Mwenye stashahada aanze na shahada ya kwanza, asidanganywe.)

Sasa hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Mfuko wetu hulipa ada kwa aliyekwisha kupata nafasi. Lakini kabla ya nafasi kuna ada ya maombi, nakala za vyeti za kugongwa muhuri na wakili, matokeo rasmi kutoka chuo cha zamani, nauli ya kufuatilia ruhusa ya masomo kwa mwajiri. Anayeomba nje huongeza pasipoti, na vyuo vingine hutaka mtihani wa Kiingereza. Muuguzi wa zahanati anayesomesha wadogo zake ataahirisha mwaka huu, na ujao. Kwenye vitabu vyetu haonekani, kwa sababu hakuwahi kuomba.

Na wewe kijana, ukiandika barua ya kujieleza, usijaze kurasa kwamba unapenda kusaidia watu. Kila mwombaji anapenda. Andika juu ya chemchemi ya kwenu na unachotaka kuichunguza. Wadhamini wako waombe barua mapema, si siku mbili kabla ya dirisha kufungwa.

Najua wazee mtasema, tukiwasomesha hawarudi. Ni hoja ya haki. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza, ambao hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, humtaka mhitimu arudi nchini mwake kwa miaka miwili. Nasi tunaweza kuandikiana sharti letu: atakayesaidiwa apime maji ya kijiji kimoja cha kwetu katika utafiti wake.

Ombi langu: katika kila shilingi 100 tutakazochanga mwaka huu, 10 ziwe za maombi. Fomu ya ahadi imo ukurasa wa mwisho. Anayekubali aandike pembeni neno "maombi", na mweka hazina atazitenga.