Jinsi Vita vya Ulaya Vilivyofika Ziwa Nyasa

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalotuhusu sana sisi tukaao pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Nchi isiyo na ugomvi na mtu yeyote huingizwaje katika vita vya watu walio mbali?

Nianze na mto Songwe. Ng'ambo yetu ni Kyela, na ng'ambo ya pili ni Karonga. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wadachi walipatana huko Ulaya kwamba mto huo uwe mpaka wao. Wanyakyusa na Wangonde hawakuulizwa. Nao ni ndugu: lugha zao zakaribiana mno, hata mtu wa Mwaya na mtu wa Karonga husemezana bila mkalimani. Basi mpaka ulikuwa katika karatasi, lakini watu waliendelea kuvuka kwa mitumbwi kwenda harusini na matangani, na ng'ombe wa mahari wakavuka vile vile.

Sasa sikilizeni jambo ambalo vitabu vingi vya shule havikulieleza. Tarehe 26 Februari 1885, katika mji wa Berlin, mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba juu ya bonde la Kongo. Wakubwa wale waliposema bonde la Kongo walikusudia nchi kubwa kupita bonde lenyewe, maana mpaka wake waliuvuta mashariki hata Bahari ya Hindi. Ziwa letu lilikuwamo. Mkataba ulisema kwamba nchi zilizomo zaweza kutangaza kuwa hazimo vitani, na mataifa yatauheshimu utulivu wake. Tena ulisema kwamba ikiwa dola yenye makoloni humo itaingia vitani, wenzake watafanya juhudi ili makoloni hayo yawekwe kando ya vita.

Neno jema, sivyo? Lakini fundi aliyejenga nyumba hii aliacha mlango bila komeo. Kuwekwa kando kulitaka ridhaa ya wote wanaopigana. Mmoja akikataa, basi.

Vita vilianza Agosti 1914. Ubelgiji, iliyokuwa imeahidiwa katika mkataba wa 1839 kwamba haitaguswa, iliguswa tarehe 4, kwa sababu jeshi la Wadachi lilitaka njia ya kwenda Ufaransa. Siku hiyo hiyo Uingereza ikaingia vitani. Wabelgiji waliomba Kongo yao iachwe kando, wala hawakupewa jibu jema. Huko Dar es Salaam Gavana Schnee alitaka koloni lake likae kimya, lakini mkuu wa majeshi, von Lettow-Vorbeck, hakutaka kusikia habari hiyo. Alitaka kuwashughulisha askari wa adui huku wasipelekwe Ulaya. Nao Waingereza hawakungoja. Tarehe 8 Agosti manowari yao Astraea iliupiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Kwa maoni yangu mkataba ulikufa siku hiyo, ingawa barua za kuuombea uhai ziliendelea kuandikwa Ulaya.

Katika ziwa letu palikuwa na meli mbili zenye silaha: Guendolen ya Waingereza, nahodha wake Rhoades, na Hermann von Wissmann ya Wadachi, nahodha wake Berndt. Manahodha hawa walikuwa marafiki. Tarehe 13 Agosti 1914 Rhoades alifika Sphinxhaven, mahali paitwapo sasa Liuli, akaikuta meli ya mwenzake imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Akapiga mzinga. Husimuliwa kwamba Berndt alipanda mashua ndogo kwa hasira, akamwendea rafiki yake kumwuliza kama amelewa. Habari za vita hazijamfikia! Akachukuliwa mateka pale pale, na vyombo vya mtambo wa meli yake vikaondolewa ili isiweze kwenda.

Wengine hucheka wakisikia hadithi hii. Lakini mwezi haukupita, kicheko kikaisha. Jeshi la Wadachi lilishuka kutoka Neu Langenburg, yaani Tukuyu, likavuka Songwe. Kapteni Barton alitoka Karonga kwenda kulikabili, majeshi yakapishana porini bila kuonana. Tarehe 9 Septemba Wadachi wakaishambulia Karonga, iliyobakiwa na walinzi wachache. Barton aliposikia mizinga alirudi upesi, wakapigana vikali, na Wadachi wakarudi nyuma kuvuka mto. Wengi wa askari wa pande zote mbili walikuwa Waafrika.

Kwingine mambo yalikwenda vivyo hivyo. Tarehe 22 Agosti 1914 meli Hedwig von Wissmann, yenye jina la mke wa yule Hermann, iliishambulia meli ya Wabelgiji huko Lukuga, katika Ziwa Tanganyika. Tangu hapo Kongo nayo ikawa vitani. Tarehe 24 Agosti Wadachi waliishambulia boma ya Wareno kwenye mto Ruvuma, hali Ureno haikuwa vitani na mtu. Ureno iliendelea kusimama kando mpaka 1916. Mwezi wa Februari ilizikamata meli za Wadachi zilizokuwa katika bandari zake, kwa kuombwa na Waingereza, na tarehe 9 Machi Ujerumani ikatangaza vita juu yake.

Mwezi wa Mei 1916 Jemadari Northey alivuka mpaka kutoka kusini, na kabla ya mwezi kwisha Neu Langenburg ilikuwa mikononi mwake. Huko mbele hapakuwa na reli wala barabara ya magari, kwa hiyo unga, risasi na mahema vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Watengatenga walichukuliwa kwa makumi ya maelfu. Wengi waliuawa na kuhara, na homa, na njaa, kuliko risasi. Watu hupenda kutaja hapa mithali ya tembo wapiganao na nyasi. Mimi siipendi kwa habari hii, kwa kuwa nyasi hazibebeshwi mizigo ya tembo.

Nyumbani wanawake walilima bila waume, na ghala zikaombwa chakula na jeshi hili, kisha na jeshi lile. Vita vya Ulaya vilikoma tarehe 11 Novemba 1918. Von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 ya mwezi ule ule. Watengatenga waliosalia wakaanza kurudi kwa miguu, wengine mwendo wa majuma mengi. Waliofika Songwe waliwakuta wenye mitumbwi wakivusha watu kama zamani, na huko vijijini homa kali ya mafua imekwisha kutangulia.