Mwanafunzi Ugenini: Siku za Kwanza Katika Mji wa Kairo

Bismillahi Rahmani Rahim. Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.



Ama baada ya hayo. Kila kijana wa Buyenzi apatapo nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, watu hukusanyika, dua husomwa, na michango hutolewa hata na wasio na kitu. Hilo ni jambo jema. Lakini yampatayo kijana huyo siku zake za kwanza ugenini hayazungumzwi, na kwa kuwa hayazungumzwi, huyabeba peke yake. Basi na itazamwe hali ya kijana mmoja aliyekwenda Kairo, nchi ya Misri, kusoma lugha ya Kiarabu kwa muhula mmoja.

Kijana huyo alihitimu msahafu angali mdogo, na siku ya kuagwa alikwisha itwa "shehe". Alifika Kairo usiku, mwezi wa Februari, amevaa kanzu nyepesi ya watu wa ukingo wa Tanganyika, na baridi ikampokea kabla ya mwenyeji wake.

Asubuhi alitoka kwa furaha, kwa maana kila kibao aliweza kukisoma. Hata namba za mabasi zilimpendeza: alama ambayo Bujumbura ni sifuri, kule ni tano, naye aliijua tangu utotoni kwa kuziona namba za aya. Akajiona mwenyeji. Ndipo alipokwenda kununua mkate. Aliuomba kwa Kiarabu cha vitabuni, kila herufi ikitoka mahali pake. Watu waliokuwa wakingoja wakatabasamu. Muuzaji akamjibu maneno mengi, naye asifahamu hata moja. Jim aliyofundishwa, watu wa Kairo huitamka ga. Qaf mara nyingi huimeza, hata qahwa ikawa ahwa. Na mkate wenyewe hawauiti khubz bali eish. Akarudi chumbani ana mkate mkononi na uzito moyoni. Darasani nako alipimwa, akawekwa pamoja na wanaoanza.

Jioni alipopiga simu nyumbani, wazee wakamwuliza, "Shehe, masomo yakoje?" Akajibu, "Alhamdulillahi, ni mepesi." Akasema hivyo juma la kwanza, na la pili, na la tatu. Angesemaje vinginevyo? Nauli yake ilitoka mifukoni mwa wauza ndagala na mafundi wa cherehani, naye aliona kwamba kukiri ugumu ni kuwavunja moyo. Akawa akisoma usiku peke yake, asimwulize mwalimu neno, asije akajulikana kuwa hajui.

Ijumaa moja akaswali katika Msikiti wa Azhar, ulioanza kujengwa mwaka 970 na kukamilika mwaka 972. Tangu zamani wageni waliosoma hapo walikaa katika riwaki zao, mojawapo ikiwa ya Wajabarti, watu wa pande za Zeila na Uhabeshi. Basi yeye hakuwa Mwafrika wa kwanza kufika pale akiwa mgeni wa maneno ya sokoni. Na imamu aliposoma Fatiha, hakuna herufi iliyompita.

Baada ya swala akatembea hata ukingo wa mto Nile. Hapo akaikumbuka chemchemi ya Rutovu, katika uliokuwa mkoa wa Bururi, ambako mwaka 1938 palijengwa piramidi ndogo ya mawe kuonyesha chanzo cha Nile kilicho kusini kabisa. Maji ya pale huingia Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Viktoria, hata yakafika Misri. Nayo hufika kwa kushuka. Lau yangekataa kuteremka, yasingefika popote.

Usiku ule alimpigia simu mwalimu wake wa madrasa, akasema, "Mwalimu, huku sijui kitu." Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Alhamdulillahi. Sasa umefika, mwanangu. Kesho kamwulize yule muuza mkate."

Akaenda, akamwuliza maana ya eish. Akaambiwa kwamba asili yake ni uhai. Naye akatambua kuwa ni ndugu wa neno maisha, alitamkalo kila siku. Tangu hapo akawa akiuliza sokoni, akiuliza na darasani. Muhula ulipokwisha hakurudi mwanachuoni. Alirudi mwanafunzi wa kweli.

Ndugu Waislamu, Nabii Musa, aliyesema na Mola wake, alisafiri kumtafuta mja mwema, akamwomba kwa unyenyekevu amfundishe, kama kisa chake kilivyo katika Suratul Kahf. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi kijana aagwapo, asiitwe shehe kabla ya wakati wake. Akutanishwe kwanza na aliyepata kukaa kule, amfunze maneno ya sokoni. Na apigapo simu, asiulizwe kama masomo ni mepesi, bali aulizwe ni lipi lililomshinda juma hili. Mchango wa fedha humfikisha kijana uwanja wa ndege. Ruhusa ya kusema "sijui" humfikisha kwenye elimu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wote walio ugenini, na awarudishe salama na elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi taufiki. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.