Chupa Isiyofunguliwa

Dominika ya 18 ya Mwaka C
Masomo: Mhubiri 1:2, 2:21-23. Wakolosai 3:1-5, 9-11. Luka 12:13-21.



Injili ya Dominika hii yaanza na ugomvi wa urithi. Mtu mmoja katika umati anamwomba Bwana wetu amwamuru ndugu yake agawane naye mali ya baba yao. Yesu anakataa kuwa hakimu wao, na badala ya hukumu anawapa mfano. Tajiri mmoja shamba lake lilizaa sana hata akakosa mahali pa kuweka mavuno. Akaazimu kubomoa ghala zake na kujenga nyingine kubwa zaidi, kisha astarehe, ale na kunywa kwa miaka mingi. Usiku uleule Mungu akaidai roho yake, na mali yote ikabaki bila kujulikana itakuwa ya nani.

Tumezoea kuusikia mfano huu kama habari ya mtu wa zamani. Kwa hiyo leo tunapenda kuwapeleka, kwa njia ya masikio, mpaka mahali ambapo ghala za namna ile zimesimama hadi hivi leo, nazo ni nyingi ajabu. Mahali hapo ni jimbo la Kentucky, katika nchi ya Marekani, na kilichomo ndani ya ghala hizo ni wiski iitwayo bourbon. Huenda katekista mmoja akauliza: sisi na pombe ya Wamarekani, wapi na wapi? Avumilie kidogo. Kinywaji hicho hutengenezwa kwa mahindi, nafaka ileile tunayoilima sisi, na huenda mwisho wa safari tukajikuta tumerudi nyumbani kwetu. Wala leo hatusemi juu ya ulevi. Hilo lina siku yake. Leo twasema juu ya chupa ambazo hakuna anayezinywa.

Kwanza tufahamu jinsi kinywaji hiki kinavyopatikana. Sheria ya nchi ile yataka angalau sehemu 51 katika kila sehemu 100 za nafaka yake ziwe mahindi. Nafaka husagwa, huchachushwa, kisha huchemshwa na mvuke wake kupozwa, hata pakapatikana maji makali yasiyo na rangi. Maji hayo hutiwa katika mapipa mapya ya mti wa mwaloni, yaliyochomwa ndani mpaka yakawa na tabaka la mkaa. Humo hulala miaka 4, miaka 8, miaka 12, na machache hata miaka 20 na zaidi. Rangi yake ya kahawia na sehemu kubwa ya ladha yake hutoka katika mti ule. Kila mwaka kiasi fulani hupenya mbao na kupotelea hewani, na mafundi wa kazi hiyo wamelipa pato hilo lililopotea jina zuri: fungu la malaika. Pipa lililolala miaka 20 huweza kupoteza zaidi ya nusu ya kilichokuwamo.

Lakini kinywaji kikiisha kutiwa katika chupa na kizibo kufungwa, kukomaa kumekwisha. Chupa ikikaa kabatini miaka 30, kilichomo ndani hakikuongezeka utamu hata kidogo. Kinachoweza kuongezeka ni bei tu. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Kulikuwa na wakati ambapo watu hawakukitaka kinywaji hiki. Katika miaka ya 1970 na 1980 vijana wa Marekani walikiona kuwa ni kinywaji cha wazee, wakapendelea pombe nyepesi. Viwanda vingine vilifungwa, na mapipa yakazeeka ghalani kwa kukosa mnunuzi. Kisha, tangu miaka ya 2000, upepo uligeuka. Kilichodharauliwa kikatafutwa kwa bidii, hasa kile cha umri mkubwa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba fedha haina uwezo wa kununua miaka iliyopita. Anayetaka wiski ya miaka 20 hana budi awe na pipa lililojazwa miaka 20 iliyotangulia, na wakati ule waliojaza walikuwa wachache.

Basi bei zikapanda. Mfano unaotajwa zaidi ni chupa za Pappy Van Winkle, ambazo kwa mwaka hutoka chache. Kufikia mwaka 2020 ile ya miaka 23 ilipangiwa na mtengenezaji bei ya dola kama 300, lakini mikononi mwa walanguzi iliuzwa kwa zaidi ya dola 2,000. Maduka yakaanza kuendesha bahati nasibu, si ya kumpa mshindi chupa bure, bali ya kumpa ruhusa ya kuinunua. Watu wakapanga foleni tangu usiku mbele ya milango iliyofungwa. Na wengi walioipata hawakuifungua. Waliiweka kabatini pamoja na wenzake, wakaipiga picha, wakangoja ipande bei.

Tamaa haikai kabatini peke yake. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chupa karibu 200 za wiski hiyo zimetoweka katika kiwanda kimoja mjini Frankfort, Kentucky. Mwaka 2015 watu 9 walishtakiwa, na miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi. Mwaka 2023, katika jimbo la Oregon, ambako serikali yenyewe ndiyo inayosimamia uuzaji wa pombe kali, ilijulikana wazi kwamba maofisa wakuu wa tume husika walikuwa wakijiwekea kando chupa za adimu. Walizilipia bei yake ya halali, hawakuiba. Lakini walitumia cheo chao kuwapita raia waliopanga foleni. Ndugu zangu, tazameni jinsi dhambi inavyoanza kwa adabu! Mtu anajiambia: nimelipa, nimemdhulumu nani?

Tena, ghala lenyewe si ngome. Mwezi wa Juni mwaka 2018, katika mji wa Bardstown, nusu ya ghala moja la bourbon iliporomoka ghafla, na siku chache baadaye nusu iliyobaki ikaanguka nayo. Ghala zima lilikuwa na mapipa kama 18,000. Pombe ilitiririka hadi kijitoni, na samaki wakafa.

Na bei je? Bei nayo huchoka. Watengenezaji walipoona watu wanatafuta, walijenga ghala juu ya ghala, kama tajiri wa Injili. Mwanzoni mwa mwaka 2025 yalihesabiwa Kentucky mapipa zaidi ya milioni 16, katika jimbo lenye watu kama milioni 4 na nusu. Yaani mapipa zaidi ya matatu kwa kila mkazi, na mtoto mchanga akihesabiwa. Lakini wanunuzi walikuwa wameanza kupungua, na bei za chupa nyingi za wakusanyaji zilikuwa zimeshuka. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo kampuni ya Jim Beam ikatangaza kwamba itasimamisha utengenezaji katika kiwanda chake kikuu cha Clermont kwa mwaka 2026. Aliyenunua chupa kwa bei ya juu ili aiuze kwa bei ya juu zaidi, sasa ameachiwa chupa. Angalau angeinywa na rafiki zake!

Hapa ndipo tunapoona jambo la kutisha. Yule tajiri wa Injili, ambaye Mungu alimwita mpumbavu, alikuwa na nia ya kula na kunywa. Mkusanyaji wa siku zetu amemzidi kwa umaskini, maana ana kinywaji wala hanywi. Kitu kilichoumbwa kwa ajili ya meza kimegeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa. Pipa, ambalo ni mbao tu, hutoa fungu kwa malaika kila mwaka. Chupa iliyofungwa haimpi mtu kitu: si malaika, si jirani, si mwenyewe.

Tusimhukumu kila mwenye chupa. Wako wengi katika nchi ile wanaotunza kinywaji kizuri ili wakifungue siku ya harusi ya mtoto, au siku rafiki aliyepotea anaporudi. Huko si kulimbikiza. Huko ni kuandaa. Bwana wetu mwenyewe alikwenda arusini Kana, na mitungi sita ya maji aliyoigeuza kuwa divai haikuwekwa akiba: iligawiwa wageni siku ileile. Kadhalika Yusufu kule Misri alijaza ghala kwa miaka saba, wala hakutenda dhambi, kwa sababu njaa ilipofika alizifungua. Basi tofauti ya akiba na ulimbikizaji haimo katika ukubwa wa ghala. Imo katika mlango: je, unafunguka?

Inafaa pia tujue kwamba Bardstown hiyohiyo ni mji wa zamani wa Kanisa. Mwaka 1808 ulifanywa makao ya askofu, pamoja na New York, Boston na Philadelphia. Na si mbali na ghala zake iko abasia ya Gethsemani, ambako tangu mwaka 1848 wamonaki Watrapisti wanaishi kwa sala na kazi. Wamonaki hao hutengeneza keki na peremende zilizotiwa bourbon, wakaziuza ili kupata riziki. Kinywaji kilekile ambacho wengine wanakifungia kabatini, wao wamekitia katika chakula cha kuliwa. Hawana chupa ya kuringia, na usiku wao wanalala.

Sasa turudi nyumbani kama tulivyoahidi. Hatuna budi kuanza na sisi wenyewe tunaowahubiria.

Katika nyumba ya mapadre tuliyokaa zamani palikuwa na kabati la vioo. Ndani yake mlikuwa na seti ya vikombe vyeupe vyenye mstari wa dhahabu, zawadi ya wafadhili. Tulikubaliana kwamba vikombe vile ni vya Baba Askofu. Baba Askofu alikuja mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hakuja. Lakini katekista wetu mzee, aliyezunguka vigango vyote kwa baiskeli, alikuja kila Jumamosi kuleta taarifa. Tulimpa chai katika kikombe cha bati kilichobonyea. Alikunywa, akashukuru, akaenda zake. Hivyo miaka kumi na moja.

Alipofariki, watu wengi walikuja kutoka vigangoni, na vikombe vikapungua. Ndipo tulipofungua kabati. Mjane wake alipopewa chai alikigeuzageuza kile kikombe mkononi, akasema taratibu, "Kumbe vilikuwepo, Baba." Hakusema kwa ubaya, alikuwa akisifu uzuri wake. Lakini neno lile halijatutoka moyoni mpaka leo. Vikombe vilikuwepo. Mzee naye alikuwepo. Kilichokosekana ni mkono wa kufungua kabati.

Ndugu wapendwa, kila nyumba ina kabati lake. Huyu ana shuka mpya sandukuni, na mama yake mgonjwa analalia tambara. Yule ana magunia ya mahindi anayoyangojesha bei, na mtoto wa jirani anashinda kwa uji mwepesi. Mwingine hana mali yoyote, lakini ana neno la msamaha alilomwekea ndugu yake kwa miaka mingi, akingoja siku inayofaa. Huyo amkumbuke yule mtu wa mwanzo wa Injili, aliyegombana na nduguye juu ya urithi hata akashindwa kuona kwamba ndugu mwenyewe ndiye urithi. Msamaha nao ni kama ile chupa: ukifungwa haukomai. Kinachopanda ni bei yake tu, mpaka siku moja hakuna awezaye kuilipa.

Mtume Paulo, katika somo la pili, anautaja uchoyo katika orodha ya mambo ya kufishwa ndani yetu, naye anauhesabu kuwa ni namna ya kuabudu sanamu. Tusidhani kwamba sanamu ni lazima iwe ya kuchonga. Kitu chochote tunachokitunza kwa heshima kuliko tunavyomtunza mtu, hicho kimekwisha kukaa juu ya altare.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja dogo. Leo jioni, kabla ya sala ya familia, kila mmoja afikirie kitu kimoja alichokifunga: chombo, nguo, gunia, au neno. Akifungue juma hili, akimpe mtu ambaye bado yupo. Makatekista mnaweza kuwauliza wanajumuiya katika mkutano wenu ujao, si walifungua nini, maana hiyo ni siri ya mtu na Mungu wake, bali waliona nini mioyoni mwao walipofungua.

Tumwombe Mwenyezi Mungu, mwenye ghala zisizokwisha, ambaye hakumzuia hata Mwanae wa pekee bali alimtoa kwa ajili yetu sote, atujalie mikono myepesi ya kufungua. Na saa yetu itakapofika, atukute kabati zetu zikiwa tupu, na jirani zetu wakiwa wameshiba. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.