Daftari letu mtandaoni: ahadi, taslimu na jina la kila mchangiaji

Maelezo ya Katibu Msaidizi wa Umoja kwa wazawa waliohudhuria mkutano mkuu wa mwaka



Nimepewa dakika chache nieleze jinsi daftari letu la mtandaoni linavyofanya kazi. Maswali yamekuwa mengi, na kubwa kuliko yote ni hili: je, fedha zetu sasa zinakaa kwenye intaneti? Hapana. Fedha ziko benki kama zamani. Kilichohamia mtandaoni ni kumbukumbu: nani katoa, lini, kiasi gani, na kwa kazi ipi.

Tulijaribu vyombo viwili. Cha kwanza ni Google Sheets, yaani lahajedwali, ukurasa wa mistari na safu unaojumlisha wenyewe. Cha pili ni Airtable, ambayo inafanana nayo kwa sura lakini ndani ni hifadhidata, yaani inaunganisha orodha moja na nyingine. Airtable ilitupendeza, ila ya bure ina ukomo wa mistari, na ukiuvuka unalipia kwa dola. Kamati ikaona shilingi za bweni zisiende huko. Tukabaki na Sheets, lakini tukachukua somo la hifadhidata, nami nitalieleza.

Kwanza faida. Zamani kila tawi lilikuwa na daftari lake, na kwenye mkutano tulibishana daftari la nani ndilo sahihi. Sasa Mweka Hazina na makatibu wa matawi wanaona ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Mtu akibadilisha tarakimu, historia ya ukurasa inaonyesha ni akaunti ipi iliyobadilisha na saa ngapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hili linatoa hata habari za aliyelishika.

Sasa kasoro, maana msipozijua mtaliamini kupita kiasi. Lahajedwali hudhani kila tarakimu ni hesabu. Ukiandika namba ya simu, inaondoa sifuri ya mwanzo. Ukiandika tarehe 3/4, ukurasa uliopangwa kwa desturi ya Marekani unaisoma kuwa Machi 4, wakati sisi tulikusudia Aprili 3. Tiba ni kupanga safu mapema: simu iwe maandishi, tarehe ifuate desturi yetu.

Haya hayatupati sisi peke yetu. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilibadilisha baadhi ya majina kwa sababu lahajedwali ziliyageuza kuwa tarehe. Mwaka huohuo, Uingereza, karibu majibu 16,000 ya watu waliokutwa na virusi vya korona hayakuingia kwenye hesabu ya kila siku, kwa kuwa faili la aina ya zamani lilikuwa na mwisho wa mistari 65,536. Chombo kinaweza kupoteza kitu bila kupiga kelele. Kwa hiyo vitabu vya risiti vyenye vishina havitatupwa. Kila mwisho wa mwezi vishina vinalinganishwa na ukurasa na taarifa ya benki.

Jambo la pili ni majina. Yupo mama mmoja mjane, mwanachama wa miaka mingi, aliyeonekana ana deni la ada, na kwa katiba yetu mwenye deni hapati msaada wa msiba. Kumbe alikuwa amelipa yote: mara kwa jina lake la ubatizo, mara kwa jina la marehemu mumewe, na mara kwa simu ya mwanawe, maana ujumbe wa muamala huleta jina la aliyesajili laini. Ukurasa ulimhesabu kama watu watatu, kila mmoja akiwa na deni.

Hapo ndipo somo la hifadhidata linapoingia. Tangu Edgar Codd wa IBM aliposambaza wazo hilo mwaka 1970, hifadhidata nyingi hujengwa hivi: mtu anaandikwa mara moja tu, anapewa namba yake, na kila malipo yanabeba namba ile. Tumefanya hivyo. Ukurasa mmoja ni wa wanachama, mwingine ni wa malipo, na kinachoviunganisha ni namba ya uanachama. Laini iwe ya mtoto au ya jirani, namba ikitajwa, malipo yanakwenda kwa mwenyewe.

La tatu ni ahadi na taslimu. Hizi sasa zina safu mbili tofauti, na jumla ya ahadi haichanganywi na fedha iliyopo. Fundi wa bweni halipwi kwa ahadi. Atapewa kazi kwa kiasi kilichoko benki tu.

La nne ni siri zetu. Ukurasa ukiwekwa wazi kwa yeyote mwenye kiungo, kiungo kile kikirushwa WhatsApp, hata mgeni anasoma simu zenu na uwezo wenu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo jumla zitaonekana kwa wote, mstari wako utapewa wewe, na namba za simu zitabaki kwa viongozi watatu. Wazee wamesema kusomwa jina hadharani ni heshima. Ni kweli, na heshima hiyo itaendelea kwa anayeridhia.

Mwisho, ukurasa uko kwenye akaunti ya Umoja, si ya mtu binafsi. Kiongozi akimaliza muda wake au Mungu akimchukua, daftari linabaki.

Ndugu zangu, ninaomba mambo matatu. Unapochangia leo, andika namba yako ya uanachama kwenye kadi. Ukitoa ahadi, weka na tarehe ya kuitimiza. Kisha kabla mwezi haujaisha, mwombe katibu wa tawi akusomee mstari wako. Asiye na simu janja atasomewa karatasi iliyochapwa, tawini na kule kijijini. Ukiona pungufu, sema mapema, risiti yako ikiwa mkononi.

Karibuni tuchangie bweni la mabinti zetu.