MLALAMIKAJI SI ADUI

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanafunzi wa sasa)



Katibu aliponiandikia niseme machache juu ya magari ya umeme, nadhani alitaka niwaeleze maajabu yake. Mimi ni fundi wa magari wa miaka mingi, na maajabu nawaachia wauzaji. Nitazungumza juu ya malalamiko.

Wa rika langu wanalikumbuka lori la shule. Dereva wetu alisema kwamba breki zinavuta upande mmoja. Alimwambia mtunza stoo, mtunza stoo akamwambia karani, naye karani akacheka, akasema mzee huyu hulalamika kila siku. Hakuna aliyeandika neno. Jumamosi moja, tukirudi kutoka mpirani, lori lilitumbukia mtaroni na mwenzetu akavunjika mguu. Maulizo yalipofanywa aliyelaumiwa ni dereva, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kujitetea.

Basi sasa niwapeleke Marekani. Kampuni ya General Motors ilianza kuuza gari la umeme liitwalo Chevrolet Bolt mwishoni mwa mwaka 2016. Lilikuwa gari dogo, lenye uwezo wa kwenda kama kilomita 380 kwa chaji moja. Baada ya muda wakatokea wenye magari waliosema kuwa gari limeshika moto likiwa limeegeshwa, hamna mtu ndani, na kwamba moto ulionekana chini ya kiti cha nyuma.

Wenzetu hao wana sheria ya usalama wa magari tangu mwaka 1966. Wanayo pia idara ya Serikali, kwa kifupi NHTSA, inayopokea malalamiko ya mwenye gari yeyote. Kasoro ya usalama ikithibitika, kampuni hutakiwa kuyaita magari yarudi na kuyatengeneza bila malipo. Oktoba 2020 idara hiyo ilifungua uchunguzi juu ya moto wa magari matatu. Nasema matatu tu, katika maelfu! Lakini habari zake zilifanana, na zilikuwa zimeandikwa.

Mwezi uliofuata kampuni iliyaita magari zaidi ya 68,000. Dawa ya kwanza ilikuwa kuizuia betri isijazwe kupita asilimia 90. Dawa ya pili, mwaka 2021, ilikuwa programu ya kuichunguza betri. Julai mwaka huo magari mawili yaliyokwisha kupewa dawa hiyo yakaungua. Kampuni ikayaita tena, na mwezi Agosti wito ukaenezwa kwa magari yote ya Bolt, zaidi ya 140,000.

Kosa lilikuwa wapi? Betri ile ina seli 288. Ndani ya seli mnaweza kukutana kasoro mbili za kiwandani: kijiulimi cha chuma cha upande hasi kilichochanika, na utando wa kutenga pande mbili uliokunjika. Zikikutana zote mbili katika seli moja, hatari ya moto huongezeka. Hapo dereva hana kosa lolote. Hata angekuwa mwangalifu namna gani, hawezi kuona kilichokunjika ndani ya seli.

Walakini mzigo ulimwangukia yeye. Aliambiwa asijaze kupita asilimia 90, asiache chaji ishuke chini ya kiasi cha kilomita 110, aegeshe nje mara baada ya kuchaji, wala asichaji ndani ya nyumba usiku. Vijana, fanyeni hesabu: katika 380 toeni sehemu ya kumi, kisha toeni 110. Zinabaki kama 230. Mtu amelipia gari zima, anatumia kipande. Je, huyu akilalamika ni mkorofi?

Wengi baadaye walibadilishiwa betri bila malipo. Gharama ya kazi yote ilikadiriwa kuwa kama dola bilioni 2, na kampuni ya LG, iliyotengeneza betri, ikakubali kubeba sehemu kubwa. Mwaka 2024 kampuni hizo zilikubali kutoa dola milioni 150 kumaliza madai ya wenye magari.

Asiwepo atakayetoka hapa akisema kuwa gari la umeme ni baya na la petroli ni jema. Kampuni hiyo hiyo, mwaka 2014, iliyaita magari ya petroli milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya ufunguo iliyoweza kuzima injini njiani na kuifanya mifuko ya hewa isifunguke. Baadhi ya watu wa ndani ya kampuni walikuwa na habari za kasoro hiyo kwa kiasi cha miaka kumi. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Mtaniuliza, haya ya Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa kuwa magari mengi tunayonunua yamekwisha kutumika kwingine. Kampuni inapoyaita magari, barua humwendea yule aliyeandikishwa kule lilikotoka. Haivuki bahari kukutafuta wewe. Kwa hiyo chukua namba ya chesisi, uiulizie kwa watengenezaji kama gari lako liliitwa na kama lilitengenezwa. Ukiona kasoro, andika: tarehe, mahali, kilomita, ulichoona na ulichosikia. Usiongeze chumvi. Kisha peleka nakala panapohusika, na moja ubaki nayo.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja, na fedha yake nimekuja nayo. Shule ifungue daftari la kasoro, liwekwe mahali pa wazi, na mwanafunzi, mpishi au dereva aandike humo waya uliochunika, bomba linalovuja au breki inayovuta. Kila Ijumaa Mwalimu Mkuu atie sahihi na aonyeshe kilichofanywa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dereva wetu amekwisha fariki, na sikupata kumwomba radhi kwa kuwa nami nilicheka pamoja na karani. Lakini mwenzetu aliyevunjika mguu yupo nasi leo, ameketi safu ya pili. Namwomba yeye aandike jina la kwanza juu ya jalada la daftari hilo, nalo liwe jina la dereva.